Mwendo Kabla ya Ukubwa: Walichokijua Wanafalaki wa Kale Kuhusu Mshtarii na Zohali

Vitabu vya sayansi vya leo huzigawa sayari nane za mfumo wa Jua katika makundi mawili, la sayari ndogo za mwamba, ambamo Dunia imo, na la sayari kubwa zilizofanyika zaidi kwa gesi na vimiminika, ambazo ni Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni. Na mgawanyo huo umezoeleka kiasi kwamba ni rahisi kudhani kuwa ukubwa ndio jambo la kwanza lililotambuliwa kuhusu sayari hizo. Historia inaonyesha kinyume. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili ya uchunguzi ulioandikwa, hakuna jicho lililopata kuuona ukubwa wa Mshtarii, kwa kuwa upana wake angani haufiki hata dakika moja ya tao, ambayo ni sehemu ya 60 ya digrii moja, ilhali Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi. Jicho tupu haliwezi kuona umbo la kitu chembamba kiasi hicho, bali huona nukta ya mwanga tu. Zuhura, iliyo ndogo kuliko Dunia, huishinda Mshtarii kwa kung'aa. Zohali huonekana kama nyota ya kawaida yenye umanjano uliofifia, wala hakuna kitu katika mwanga wake kinachodokeza pete. Kilichoonekana, na kilichoweza kupimwa, ni mwendo. Uchambuzi huu unashikilia kwamba elimu ya kale ya sayari kubwa ilikuwa elimu ya mwendo, kwamba ilifikia usahihi wa kustaajabisha bila kujua lolote kuhusu maumbile ya vitu vilivyokuwa vikienda, na kwamba ni mwendo huohuo, uliohesabiwa na kurithishwa kizazi hata kizazi, uliokuja kufichua ukubwa na uzito wake.

Majina yenyewe ya Kiswahili yanabeba sehemu ya historia hiyo. Mshtarii ni al-Mushtari ya Waarabu na Zohali ni Zuhal yao, na majina haya yalifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na elimu ya falaki, yaani elimu ya nyota na miendo yake, na pamoja na majina ya buruji, ambazo ni makundi 12 ya nyota yaliyopangika katika ukanda unaopitiwa na Jua, Mwezi na sayari. Inasikitisha kwamba baadhi ya vitabu vya shule vimewahi kuziita sayari kwa majina ya buruji, kama vile Sarateni na Kausi, kwa sababu buruji ni nyota zilizotulia, ilhali sayari ni ile inayopita kati yake, na tofauti hiyo ndiyo msingi ambao elimu yote inayojadiliwa hapa imejengwa juu yake. Uranus na Neptuni hazina jina la kale katika lugha hizi, na sababu yake, itakayorudiwa mwishoni, ni kwamba mwendo wao haukufuatwa na mtu.

Mwendo huo unaonekanaje? Mshtarii huuzunguka ukanda wa buruji kwa miaka 11.86, hivyo hukaa katika kila buruji muda wa karibu mwaka mmoja. Zohali huchukua miaka 29.46, na hukaa katika kila buruji miaka miwili na nusu hivi. Hata hivyo haziendi moja kwa moja. Kila baada ya siku 399 kwa Mshtarii, na siku 378 kwa Zohali, sayari hupunguza kasi, husimama, hurudi nyuma kati ya nyota kwa muda wa miezi minne hadi minne na nusu, husimama tena, kisha huendelea na safari yake ya kuelekea mashariki. Leo inafahamika kwamba kurudi huko ni kwa machoni tu: Dunia, iliyo na njia fupi na kasi kubwa, huipita sayari ya mbali, kama abiria wa basi anavyoliona lori linalopitwa kana kwamba linarudi kinyumenyume mbele ya vilima vya mbali. Kwa mtu wa kale aliyeamini kwamba amesimama mahali pamoja, huo ulikuwa mwendo wa sayari yenyewe, na ulidai maelezo.

Waliotangulia kuuweka mwendo huo katika hesabu ni waandishi wa Babeli, katika nchi ya Iraki ya leo. Kumbukumbu zao ziliandikwa juu ya vibao vya udongo kwa mwandiko wa kikabari, ambao alama zake hupatikana kwa kugandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, na shajara zao za anga zilizosalia zinaanzia mwaka 652 KK na kuendelea hadi karne ya 1 KK, zikiweka usiku baada ya usiku mahali pa Mwezi na sayari, pamoja na hali ya hewa, bei ya shayiri na kina cha mto Furati. Mshtarii ilikuwa nyota ya Marduk, mungu mkuu wa mji, na Zohali iliitwa kwa jina lenye maana ya yule aliye thabiti, asiyebadilika, jina linaloonyesha kwamba upole wa mwendo wake ulikuwa umekwisha kuonwa. Kutokana na kumbukumbu hizo waandishi walitambua kwamba baada ya miaka 71 Mshtarii hurudia matukio yake karibu katika tarehe zilezile, na kwamba baada ya 59 Zohali hufanya vivyo hivyo, kiasi kwamba mtu aliyetaka kujua Zohali itafanya nini mwakani alichukua kibao cha miaka 59 nyuma ya mwaka huo na kukinakili. Baadaye walipata mizunguko mirefu zaidi: Mshtarii huzunguka buruji zote mara 36 katika miaka 427, na Zohali mara 9 katika miaka 265. Ukigawa 427 kwa 36 unapata 11.86, ambayo ndiyo tarakimu inayochapwa katika vitabu vya leo. Ukigawa 265 kwa 9 unapata 29.44, iliyopungua kwa siku chache tu katika muda wa karibu miaka thelathini.

Kipo kibao kimoja, miongoni mwa vile vilivyohifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, kinachostahili kusomwa kwa karibu. Kinachukua mwendo wa Mshtarii tangu inapoonekana upya alfajiri baada ya kufichwa na mwanga wa Jua. Siku ya kwanza kasi yake inawekwa kuwa dakika 12 za tao kwa siku, na siku ya 60 imepungua hadi dakika 9 na nusu. Wastani wa kasi hizo mbili ni dakika 10 na robo tatu, na wastani huo ukizidishwa kwa 60 unatoa dakika 645, yaani digrii 10 na dakika 45. Katika siku 60 zinazofuata kasi inashuka kutoka dakika 9 na nusu hadi dakika 1 na nusu, wastani ni dakika 5 na nusu, na sayari inasogea digrii 5 na dakika 30. Hesabu hiyo ingemfaa mwalimu wa sekondari kama mfano wa darasani, lakini uzito wake uko katika namna ilivyoelezwa, kwa kuwa mwandishi anaizungumzia kama eneo la trapeza, umbo la pembenne lenye pande mbili sambamba, ambamo pande hizo ni kasi ya mwanzo na ya mwisho na kimo chake ni muda. Kuchukua umbali kama eneo lililo chini ya mstari wa kasi kulidhaniwa kuwa uvumbuzi wa wasomi wa Oxford na Paris katika karne ya 14, mpaka mtafiti Mathieu Ossendrijver alipochapisha maana ya vibao hivyo mwaka 2016. Na vibao vyenyewe viliandikwa kati ya mwaka 350 na 50 KK. Ni vigumu kutaja ushahidi ulio bora zaidi wa kwamba Mshtarii, kabla ya kuwa kitu chenye umbo, ilikuwa shule ya kufundishia kasi.

Wababeli hawakuacha swali kuhusu umbali wa sayari, au kama walijiuliza, vibao havisemi. Swali hilo ni la Wagiriki. Eudoxus, katika karne ya 4 KK, aliishughulikia miaka 12 ya Mshtarii na 30 ya Zohali kama sifa za matufe yanayozunguka, moja ndani ya jingine, na baada yake ikawa kanuni kwamba sayari iliyo na mwendo wa polepole zaidi ndiyo iliyo mbali zaidi. Aristotle alieleza sababu kwa kusema kwamba tufe lililo karibu na mbingu ya nyota huelemewa zaidi na mzunguko wa kila siku wa mbingu hiyo, na lililo mbali nayo huelemewa kidogo. Sababu hiyo haikuwa ya kweli. Mpangilio uliotokana nayo ulikuwa wa kweli, na Zohali ikawekwa kuwa mlinzi wa mpaka wa ulimwengu, nafasi iliyoishika hadi mwaka 1781.

Ptolemy, aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri na kuandika kitabu chake kikuu, kinachojulikana kwa jina la Kiarabu la Almagesti, karibu na mwaka 150 BK, alijenga mfano wa kihesabu ambamo sayari huzunguka duara dogo ambalo kitovu chake nacho huzunguka duara kubwa. Ili kupata vipimo vya Zohali alihitaji kuiona mara tatu ikiwa inakabiliana na Jua, yaani ikiwa upande wa pili kabisa wa anga, na alifanya hivyo katika miaka 127, 133 na 136. Kwa Mshtarii alichagua 133, 136 na 137. Hata hivyo miaka tisa ya mtu mmoja si kitu mbele ya sayari inayohitaji 29 kumaliza raundi, kwa hiyo alizilinganisha tarehe zake na uchunguzi wa zamani, mmojawapo wa Zohali, uliofanywa na Wababeli mwaka 229 KK, na mwingine wa mwaka 241 KK ambapo Mshtarii ilipita mbele ya nyota moja ya kundi la Kaa. Bila waandishi wale wa udongo, Ptolemy asingeweza kuipima Zohali.

Katika kitabu kingine Ptolemy alithubutu kukadiria umbali na ukubwa, na waandishi wa Kiislamu, hasa al-Farghani wa karne ya 9, waliyaeneza makadirio hayo baada ya kuyarekebisha. Dhana ya msingi ilikuwa kwamba matufe ya sayari yamebanana bila nafasi tupu katikati, hivyo mwisho wa tufe moja ndio mwanzo wa linalofuata. Ukianza na umbali wa Mwezi, uliojulikana vizuri, unaweza kupanda ngazi hadi Zohali. Al-Farghani alifikia umbali wa mara 20,110 ya nusu ya kipenyo cha Dunia. Kwa upande wa upana, makadirio ya jicho tupu, ambayo Ptolemy aliyanasibisha kwa Hipparchus, mwanafalaki wa Kigiriki aliyemtangulia, yalisema kwamba Mshtarii ni sehemu ya 12 ya upana wa Jua na Zohali ni sehemu ya 18. Kutokana na hayo al-Farghani alihitimisha kwamba kipenyo cha Mshtarii ni mara nne na nusu na kidogo ya kipenyo cha Dunia, na ujazo wake mara 95, huku Zohali ikiwa na ujazo wa mara 91. Kwa hiyo si kweli, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba watu wa kale waliziona sayari hizi kuwa vijitaa vidogo vilivyotundikwa mbinguni. Msomi wa Baghdad wa karne ya 9 alijua kwamba Mshtarii ni kubwa kuliko Dunia.

Lakini alijua kwa makosa mawili yaliyopingana. Mwanga unaotawanyika ndani ya jicho huifanya nukta ing'aayo ionekane pana kuliko ilivyo, na upana uliokadiriwa ulikuwa mkubwa mara tatu hadi mara tano kuliko ule wa kweli. Umbali nao ulikuwa mdogo zaidi ya mara kumi. Kosa la pili lilizidi la kwanza, na sayari zikatoka ndogo kuliko zilivyo: kipenyo halisi cha Mshtarii ni mara 11 ya Dunia, si mara nne na nusu, na ujazo wake ni zaidi ya mara 1,300. Ukubwa wa kosa la umbali unaonekana vizuri kwa mlinganisho mmoja. Jua pekee liko mbali nasi kwa karibu mara 23,500 ya nusu ya kipenyo cha Dunia, maana yake ni kwamba ulimwengu mzima wa al-Farghani, pamoja na Zohali na tufe lake, ungeingia katika nafasi iliyopo kati ya Dunia na Jua na bado nafasi ingebaki.

Mashariki ya mbali hesabu zilifuata njia nyingine na kufika karibu na palepale. Wachina waliiita Mshtarii nyota ya mwaka, kwa kuwa kila mwaka huhamia kituo kimoja kati ya 12 vya anga, na hati iliyoandikwa juu ya hariri, iliyofukuliwa Mawangdui mwaka 1973 katika kaburi lililofungwa mwaka 168 KK, inaorodhesha mahali pa Mshtarii, Zohali na Zuhura kwa miaka 70 mfululizo. Nchini India, Aryabhata aliandika mwaka 499 kwamba katika muda wa miaka 4,320,000 Mshtarii hufanya mizunguko 364,224 na Zohali 146,564. Ukigawa, miaka 11.86 inatoka tena.

Shida kubwa ya elimu hii ilikuwa umri wa mwanadamu, na hakuna mahali ilipoelezwa wazi kama katika kisa cha Maragha, kaskazini-magharibi ya Uajemi, ambako Hulagu, mtawala wa Kimongoli, alimruhusu Nasir al-Din al-Tusi kujenga kituo cha uchunguzi wa anga mwaka 1259. Katika utangulizi wa majedwali yaliyotokana na kazi hiyo, Zij-i Ilkhani, al-Tusi anaeleza kwamba uchunguzi kamili hauwezi kuchukua chini ya miaka 30, kwa sababu huo ndio muda ambao sayari zote, ya mwisho ikiwa Zohali, humaliza mizunguko yao. Agizo alilopewa, hata hivyo, lilikuwa kazi ikamilike katika miaka 12. Miaka 12 inatosha kuiona Mshtarii ikizunguka mara moja. Kwa Zohali haitoshi hata nusu ya njia, na Hulagu mwenyewe alifariki mwaka 1265, sayari ikiwa haijapita hata buruji tatu tangu msingi uwekwe. Al-Tusi na wenzake, kama Muhyi al-Din al-Maghribi aliyezipima upya sayari hizi kwa njia ya Ptolemy ya kuzikuta zikikabiliana na Jua, walilazimika kuegemea kumbukumbu za waliowatangulia, zikiwemo za Ibn Yunus wa Cairo, aliyefariki mwaka 1009. Zohali haikuweza kujuliwa na mtu mmoja. Ilijuliwa na mnyororo wa watu waliokabidhiana daftari, na daftari hilo lilipotunzwa elimu iliendelea.

Haifai kuficha kwamba sehemu kubwa ya gharama za mnyororo huo ililipwa na unajimu, yaani imani kwamba nyota hutawala mambo ya watu. Kila baada ya miaka 20 hivi, au kwa usahihi zaidi 19.86, Mshtarii huifikia Zohali na sayari mbili hizo huonekana pamoja, na Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad wa karne ya 9, alijenga juu ya makutano hayo nadharia nzima ya kuinuka na kuanguka kwa dola, akiyapanga katika vipindi vya miaka 20, 240 na 960. Nadharia hiyo haikuwa na msingi wowote. Lakini wafalme walioiamini walitaka tarehe sahihi za makutano, na hitaji la tarehe sahihi ndilo lililowaweka wanafalaki kazini na kuyafichua makosa ya majedwali yao. Mwezi Agosti 1563 Mshtarii na Zohali zilikutana tena, na Tycho Brahe, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akisoma Leipzig, aliona kwamba majedwali ya zamani yalikuwa yamekosea siku ya makutano kwa karibu mwezi mzima, na yale mapya yaliyofuata hesabu za Copernicus kwa siku kadhaa. Maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa jitihada za kuondoa kosa hilo.

Copernicus mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1543, alikuwa amefungua mlango ambao thamani yake kwa sayari kubwa haisisitizwi vya kutosha. Kama kurudi nyuma kwa sayari ni kivuli cha mwendo wa Dunia, basi upana wa kurudi huko unapima umbali: Mshtarii hurudi digrii 10 hivi na Zohali 7 hivi, kwa sababu kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo mwendo wa mtazamaji unavyokisogeza kidogo. Kutokana na hilo Copernicus alipata kwamba Mshtarii iko mbali na Jua mara 5.2 ya umbali wa Dunia, na Zohali mara 9.2 hivi, tarakimu ya kwanza ikiwa sahihi na ya pili ikipungua kidogo kwa ile ya kweli ya 9.5. Kwa mara ya kwanza umbali wa sayari ulitokana na kipimo cha mwendo wake, si na dhana ya matufe yaliyobanana. Johannes Kepler, aliyezirithi daftari za Tycho, aliunganisha mambo hayo mawili mwaka 1618 kwa kanuni yake ya tatu, isemayo kwamba mraba wa muda wa mzunguko unalingana na mchemraba wa umbali. Kwa Mshtarii 11.86 ikizidishwa kwa yenyewe hutoa karibu 141, na 5.2 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu hutoa karibu 141 vilevile.

Wakati huo darubini ilikuwa imekwisha kuelekezwa angani. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610, mjini Padua, Galileo Galilei aliona nyota tatu ndogo zimejipanga kando ya Mshtarii, na kufikia tarehe 13 alikuwa amehesabu nne zinazohama usiku hadi usiku bila kuiacha sayari. Mwanahistoria wa Kichina Xi Zezong alipendekeza mwaka 1981 kwamba Gan De, mwanafalaki wa karne ya 4 KK, aliwahi kuona mmoja wa miezi hiyo kwa jicho tupu, kwa kuwa andiko lake linataja nyota ndogo nyekundu iliyoambatana na Mshtarii. Jambo hilo linawezekana, kwani mwezi mkubwa zaidi ungeonekana kama mng'ao wa sayari usingeufunika, lakini nyota iliyoonwa bila kufuatwa si mwezi. Kilichomfanya Galileo aijue miezi hiyo kuwa miezi ni kwamba alirudi kuitazama kila usiku.

Zohali ilimshinda. Mwaka 1610 aliiona kama mwili mkubwa ulioshikwa pande mbili na vidogo viwili visivyosogea, na mwaka 1612 vidogo hivyo vilitoweka kabisa, akabaki ameduwaa. Katika miaka arobaini iliyofuata watazamaji walichora masikio, mishikio ya kikombe na mayai mawili, kila mmoja akichora alichokiona kwa uaminifu, na michoro haikupatana. Christiaan Huygens, aliyegundua mwezi wa Titan mwaka 1655, alitatua fumbo hilo katika kitabu cha mwaka 1659, na alichotumia kulitatua si darubini bora tu bali pia ule muda wa kale wa miaka 29 na nusu: kama Zohali imezungukwa na pete nyembamba, bapa, isiyoigusa sayari na iliyoinama upande mmoja daima, basi kila sayari inapolizunguka Jua mara moja pete hiyo lazima ielekeze ukingo wake kwetu mara mbili na kupotea machoni, yaani kila baada ya miaka 15 takribani. Umbo lilipatikana kwa kuhesabu mwendo.

Uzito nao ulipatikana hivyohivyo. Isaac Newton alionyesha mwaka 1687 kwamba mwezi unaozunguka sayari hufichua nguvu ya mvuto wa sayari hiyo, na hesabu yenyewe inaweza kufanywa na yeyote. Io, mwezi wa ndani kati ya minne ya Galileo, uko umbali wa kilomita 422,000 kutoka Mshtarii, karibu sawa na kilomita 384,000 zilizopo kati ya Mwezi wetu na Dunia. Lakini Mwezi wetu huzunguka kwa siku 27.3, na Io kwa siku 1.77 tu. Muda huo ni mfupi mara 15.4, mraba wake ni kama 238, na baada ya kuongeza tofauti ndogo ya umbali inatoka kwamba Mshtarii ina tungamo, yaani kiasi cha maada, zaidi ya mara 300 ya Dunia. Newton alipogawa tungamo hizo kwa ujazo, ambao ulikuwa umeanza kujulikana baada ya wanafalaki Cassini na Richer kupima umbali wa Mirihi mwaka 1672, alipata jambo ambalo hakuna aliyewahi kulikisia: katika toleo la mwisho la kitabu chake msongamano wa Dunia ni 400, wa Mshtarii ni 94 na nusu, na wa Zohali ni 67. Sayari zilizo kubwa kuliko zote ndizo zilizo nyepesi kuliko zote kwa kila kipande cha ujazo wake. Alidhani ni kwa sababu zilizo karibu na Jua hulazimika kuwa nzito ili kustahimili joto, na maelezo hayo hayakudumu, lakini tofauti kati ya mwamba na gesi, ambayo vitabu vya leo huanza nayo, ilikuwa tayari imeandikwa pale kwa tarakimu.

Ikabaki hitilafu moja. Uchunguzi wa kale ulipowekwa kando ya ule mpya, Mshtarii ilionekana kuongeza mwendo na Zohali kuupunguza kwa karne nyingi, na walikuwepo waliohofia kwamba mfumo wa sayari unaelekea kuvunjika. Pierre-Simon Laplace alionyesha mwaka 1785 kwamba sayari hizo mbili huvutana, na kwa kuwa mizunguko mitano ya Mshtarii inakaribia sana miwili ya Zohali, mivutano hujumlika kwa upande mmoja kwa karne kadhaa, kisha hugeuka, katika kipindi cha miaka 900 hivi. Hakuna maisha ya mtu, wala ya dola, yanayotosha kukishuhudia kipindi hicho, na Laplace alizilinganisha hesabu zake na tarehe walizoziacha Ptolemy na Ibn Yunus.

Kuhusu sayari kubwa mbili zilizobaki, watu wa kale hawakujua lolote, ingawa moja yao iko ndani ya mipaka ya jicho. Uranus huonekana kwa shida bila darubini katika usiku mweusi, na hata baada ya darubini ilionwa mara nyingi kabla ya William Herschel kuitambua tarehe 13 Machi 1781: John Flamsteed aliiorodhesha mwaka 1690 kama nyota ya 34 ya kundi la Ng'ombe, na Pierre Le Monnier aliiandika mara kadhaa kati ya 1750 na 1769. Inachukua miaka 84 kuzunguka, kwa hiyo hatua yake ya usiku mmoja ni ndogo, na aliyeiandika bila kurudi kuilinganisha hakuwa na njia ya kujua kwamba si nyota. Neptuni, iliyopatikana Berlin tarehe 23 Septemba 1846 kwa hesabu za Urbain Le Verrier kutokana na namna ilivyokuwa ikiuvuta mwendo wa Uranus, ina kisa kinachogusa zaidi. Mwaka 1980 watafiti Charles Kowal na Stillman Drake walionyesha kwamba imo katika daftari la Galileo, alipokuwa akiichora Mshtarii na miezi yake, tarehe 28 Desemba 1612 na tena mwezi uliofuata. Tarehe 28 Januari 1613 aliweka alama ya nyota mbili karibu na sayari, na pembeni aliandika kwamba usiku uliotangulia zilionekana kuwa mbali zaidi moja na nyingine. Nyota moja kati ya hizo mbili ilikuwa Neptuni, na mwendo wake ulikuwa umekwisha kuonwa na kuandikwa kwa wino, miaka 233 kabla ya sayari yenyewe kupewa jina.